Dakika Moja na Nusu ya Denzil Pacey

Nilitaka iwe kweli kwamba baba yangu alikuwa amelewa. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari hii hunihurumia mapema, wakidhani nilikuwa nahangaika kumsafishia jina. Wala. Nilitaka nione kwa macho yangu kwamba Ijumaa ile ya Februari, mwaka 1986, saa kumi na mbili na nusu jioni, Denzil Pacey alikaa mbele ya kamera akiwa chakari, nami nirudi nyumbani nikalale usingizi kama watu wengine.

Baba alikuwa mtangazaji wa Televisheni ya Fenmark. Si wa habari, wala si yule wa kugawa zawadi. Alikuwa mtu anayetokea kipindi kimoja kikiisha na kingine hakijaanza: amevaa tai, anatabasamu, anasema kinachofuata, anawapa heri watoto waliozaliwa tarehe kama hiyo, na matangazo yakifungwa anawakumbusha watu wachomoe runinga ukutani wasije wakaungua. Alifanya kazi peke yake katika chumba kidogo kama stoo, na kamera iliyofungwa isiyo na mtu nyuma yake, na saa kubwa ukutani. Maneno alijiandikia mwenyewe. Kipindi kikipungua sekunde arobaini, ni yeye wa kuzijaza, na kikipungua kumi, alijaza kumi, bila kuzidisha hata pumzi. Kuanzia Boston hadi King's Lynn, huku kwetu mashariki ya Uingereza, vikongwe walimfumia soksi. Dukani watu walimwita Denzil, kisha wakaona haya, maana walikumbuka kwamba hawajawahi kukutana naye.

Nyumbani tulikuwa na mashine ya video, na mikanda ilikuwa ghali. Kwa hiyo tulikuwa na desturi ambayo nyumba nyingi zilikuwa nayo: unarekodi kipindi, matangazo yakija unasimamisha mkanda, kipindi kikirudi unauachia. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na nilikuwa hodari. Korongo wa fedha, nembo ya Fenmark, akianza tu kuinua shingo na tarumbeta zake kulia, kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Mpaka leo kabatini kwa mama imo mikanda arobaini na mitatu ya vipindi ambavyo hakuna anayevikumbuka, na katika yote hamna hata kope ya baba yangu. Mtu analala chumba cha pili, umrekodi ya nini?

Ijumaa ile nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama alikuwa zamu katika kiwanda cha kufungasha maua. Mimi nilikuwa nakula chipsi mbele ya runinga, nikisubiri shindano la maswali ambalo mama aliniagiza nimrekodie. Baba akatokea. Mwanzo alikuwa sawa, kisha maneno yakaanza kumtoka mazito, yanagongana, kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Nilikuwa nimesimamisha mkanda kama kawaida, lakini ukisimamisha mkanda runinga haisimami, kwa hiyo niliona. Karatasi ilimponyoka. Alitabasamu vibaya. Kisha shindano likaanza, nikauachia mkanda na kumalizia chipsi zangu.

Mama aliporudi saa mbili usiku aliniuliza kama nimekula. Nikamjibu kwamba baba amelewa kwenye televisheni. Nililisema kwa raha kidogo, sitaficha. Wiki ile baba alikuwa amenikatalia jambo fulani na bado nilikuwa na kinyongo. Ulimi hauna mfupa. Mama alimpigia simu shangazi, shangazi akawamaliza waliobaki, na kufikia Jumatatu gazeti la mji lilikuwa limechora korongo ameshika chupa. Fenmark walimwachisha kazi kabla wiki haijaisha, na sababu waliyoiandika ilikuwa lile lile neno langu.

Hapo ndipo alipoanza kunywa kweli. Alikunywa Machi yote na Aprili yote. Mwezi wa Mei akaanguka bafuni, mshipa umepasuka kichwani, akafa siku ya pili. Daktari alisema mtu anayekunywa vile asitegemee zaidi. Mama akaitikia, nami nikaitikia, na kwa zaidi ya miaka thelathini tuliendelea kuitikia.

Mimi ni mhudumu katika nyumba ya wazee. Miaka michache iliyopita tuliletewa mkufunzi wa kutufundisha kutambua kiharusi. Alituonyesha kwenye skrini uso wa mwanamume: mdomo umeshuka upande mmoja, mkono hauinuki, maneno mazito. Akasema ukiona hivyo piga simu papo hapo. Akasema pia kwamba mara nyingi kinaanza kidogo, kinapita chenyewe, watu wanadhani mtu amechoka au amelewa, halafu kile kikubwa kinakuja baada ya wiki au miezi. Wenzangu waliandika kwenye daftari zao. Mimi nilikwenda chooni nikakaa sakafuni.

Tangu siku hiyo nilitafuta mkanda wenye ile dakika moja na nusu ya baba. Kumbukumbu yangu sikuiamini tena. Ilikuwa ya mtoto mwenye kinyongo. Kama baba alikuwa amelewa, basi nilisema kweli, na yaliyofuata alijitakia. Kama alikuwa mgonjwa, basi nilimtazama akipigwa na kiharusi huku nimeshika kitufe, kisha nikampa jina lililomzuia asipelekwe hospitali. Moja kati ya hayo mawili. Nilikuwa nikiomba liwe la kwanza.

Fenmark yenyewe ilishakufa, ilimezwa na kampuni kubwa, na mikanda yake mingi ilifutwa irekodiwe mpira. Matumaini yaliyobaki ni watu, wale wachache waliokuwa wakirekodi kile ambacho sisi wengine tulikikata. Ndivyo nilivyoangukia kwa akina Lionel Thirkettle.

Wanakutana mara moja kila miezi miwili, Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa kanisa la Methodisti mjini Spalding. Wengi ni wanaume wastaafu waliovaa sweta alizochagua mtu mwingine. Vipindi hawavitaki kabisa. Mpe Lionel tamthilia iliyopata tuzo, atakuuliza kama zile dakika mbili za kabla zimo. Wanakunywa chai, wanakula biskuti za kastadi, wanafumba macho kusikiliza muziki wa kufungulia matangazo wa kituo kilichokufa, kisha wanagombana kweli kweli kama tarumbeta zilirekodiwa upya mwaka 1979 au 1980. Nilimwona mzee akitokwa na machozi kwa kuonyeshwa saa. Saa tu, ya runinga, mshale wa sekunde unazunguka, na sauti ya mtu asiyeonekana ikisema karibu ni saa tatu.

Mwanzoni niliwacheka moyoni. Kisha Prue Maddison, mjane anayesimamia birika la chai, aliniambia kwamba tangu mumewe afe hakuna anayemtakia usiku mwema. Zamani angalau runinga ilikuwa ikimtakia. Sikuwacheka tena.

Watu waliokuwa wakisimamisha mkanda wanawaita wachinjaji. Nilijiandikisha kwa jina la mume wangu, Rowena Skells, nikasema nimevutwa na muziki. Lionel, ambaye hawezi kumwona mgeni asimchokoze, alinibana siku ya kwanza mbele ya watu.

"Sema kweli, dada Rowena. Utotoni ulikuwa mchinjaji?"

"Hatukuwa na video," nilidanganya.

"Afadhali. Maskini hawaendi motoni kwa dhambi hii."

Nikahudhuria miaka miwili. Nilisikia habari za baba mara nyingi, kwa maana walikuwa na jina la siku ile: Ijumaa ya Chupa. Kila mtu alikuwa na mjomba aliyeiona, na hakuna aliyekuwa na mkanda. Nilikuwa nikimimina maziwa kwenye chai huku mtu nyuma yangu akiigiza ulimi mzito wa baba yangu na wenzake wakicheka. Mtu anayetafuta lake hachagui maneno ya mwenye nyumba.

Mwezi wa Machi mwaka huu, Lionel alisimama na mkanda mkononi, uso unang'aa. Alisema dada yake amefariki, na darini kwake limepatikana boksi ambalo Lionel mwenyewe alilisahau huko alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Mikanda ilikuwa imeota ukungu. Ameisafisha majira yote ya baridi, inchi kwa inchi. Na katika ule wa tisa, waungwana, yumo nani? Watu walishajua. Walipiga makofi kabla hajataja jina. Akasema wangoje, utakuwa wa mwisho, baada ya bahati nasibu, kama vile mtu anavyowawekea watoto peremende.

Sijui nani alishinda kwenye ile bahati nasibu. Najua nilikaa safu ya pili, na mapazia yalivutwa, na korongo wa fedha akainua shingo. Tarumbeta zikalia. Ukumbi mzima ukaimba nazo kwa midomo iliyofungwa, kwa upole, kama kanisani.

Kisha baba. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Mimi nina hamsini na mitatu, kwa hiyo nilikuwa namtazama mtu aliyekuwa mdogo kwangu, na hilo peke yake lilinivunja kabla hajafungua mdomo. Alisema habari za jioni. Alimtakia heri mtoto wa Wisbech aliyetimiza miaka sita. Sauti yake ilikuwa nzuri kuliko nilivyoikumbuka. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa akisema kana kwamba mko wawili tu.

Baadaye kidogo mdomo wake ulishuka kona ya kushoto.

"Haya, anaanza," mtu alisema nyuma, na vicheko vikaanza.

Maneno yakawa mazito. Karatasi ikamponyoka mkono wa kushoto, ukumbi ukaangua kicheko. Lakini hapo palikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekikumbuka hata kidogo. Baba aliutazama mkono wake. Aliutazama kama vile ni wa mtu mwingine aliyeuacha mezani kwake. Kisha akauchukua kwa mkono wa kulia, taratibu, akauweka pajani, akainua macho kuangalia saa. Akaanza kusema polepole zaidi. Aliacha maneno marefu, akachukua mafupi, moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Akataja shindano linalofuata, akawaomba radhi watazamaji kwa mafua yake, akatabasamu kwa upande uliobaki, na akafunga mdomo katika sekunde ile ile ambayo muziki wa shindano ulitakiwa kuingia.

Mlevi hafanyi hivyo. Nimelelewa na mlevi kwa wiki kumi, namjua. Mlevi haoni kasoro. Yule mtu aliiona, aliogopa, alikuwa peke yake chumbani, na bado alikuwa na sekunde za kujaza.

"Rudisha," nikasema.

Lionel alifurahi. Akawaambia wengine kwamba dada naye amenogewa. Akarudisha, wakacheka, ila kidogo kuliko mwanzo. Nikamwambia arudishe tena. Mara ya tatu hakuna aliyecheka, kwa sababu nilikuwa nimesimama na walikuwa wakinitazama mimi. Prue alikuja akanishika bega, akaniuliza nina nini.

"Hajalewa," nilisema. "Tazameni mdomo. Tazameni mkono wa kushoto. Kile ni kiharusi."

Mmoja wao akanong'ona kwamba kila mtu anajua Pacey alikuwa anakata maji.

"Kila mtu nani? Nani alikuambia?"

"Si ilijulikana tu."

"Ilijulikana kwa sababu niliisema mimi. Yule ni baba yangu."

Lionel alizima. Skrini ikabaki bluu. Alitoa mkanda kwenye mashine akaja kukaa kiti cha jirani, mtu mzito, anapumua kwa kelele. Nilidhani angeniomba msamaha mara moja, lakini kwanza aliuliza lililokuwa likimkereketa.

"Kwa hiyo nyumbani kwa Pacey mlikuwa na video."

"Tulikuwa nayo."

"Na mkanda wa siku ile?"

"Nilisimamisha."

Alitikisa kichwa. Lile neno lao hakulisema. Akasema kwamba jioni ile ya 1986 aliwapigia simu rafiki zake watatu ili wacheke pamoja, na kwamba ameendelea kucheka karibu miaka arobaini bila hata siku moja kutazama mkono. Aliniwekea mkanda mapajani. Nikamuuliza kama ni nakala, akasema hana nakala. Mtu yule hajawahi kumwachia mtu mkanda hata kwa usiku mmoja. Nilimshukuru, lakini ukweli ni kwamba wakati ule nilimchukia. Ningalimchukia yeyote aliyenipa nilichokuwa nimeomba nisikipate.

Kutoka ukumbini niliendesha gari moja kwa moja hadi Holbeach kwa mama. Enid Pacey ana miaka themanini na minne, masikio mabovu, akili nzima. Picha ya baba hajaiweka sebuleni tangu mazishi. Nilimkuta akitazama shindano, sauti imejaa nyumba. Njiani nilikuwa nimepanga maneno ya upole, kwamba tulikosea sote, kwamba zamani watu hawakujua dalili. Nilijua nitamvunja. Mwanamke aliyeishi karibu miaka arobaini akimkasirikia marehemu, ukimwondolea ile hasira umempa nini badala yake? Lakini nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu na jambo hili, na ubinafsi ulinishinda.

"Mama, baba hakuwa amelewa siku ile. Nimeuona mkanda. Alikuwa mgonjwa. Na mimi ndiye niliyekuambia amelewa."

Mama alichukua rimoti akazima sauti, picha akaiacha. Hakulia, wala hakushtuka.

"Najua ni wewe," alisema. "Nilikuwepo."

Kisha akaniambia, macho yake kwenye runinga, kwamba baba alipoingia mlangoni jioni ile, yeye alimnusa. Alinuka sigara na chai, basi.

Hasira ilinipanda mpaka kichwani. Nilimuuliza kama anasikia anachokisema: alimnusa, akajua, akanyamaza? Aliniambia ndiyo, alinyamaza, na mimi nilitazama nikasema nilivyosema, kwa hiyo tuko wawili, nisimpandishie sauti ndani ya nyumba yake. Alikuwa amesimama mashineni tangu asubuhi, miguu imevimba, shangazi ameshapigiwa simu, mji umeshaanza kusema. Alikuwa tayari ana hasira, na kuirudisha ilikuwa kazi.

"Na hata hivyo nilimuuliza," alisema. "Usidhani sikumuuliza. Nikamwambia, Denzil, umelewa? Akasema, nani amesema? Nikamwambia, Rowena amekuona kwenye runinga."

"Akajibuje?"

"Alitazama juu ngazini. Ulikuwa umekaa pale na nguo ya kulalia, umekumbatia magoti. Akacheka upande mmoja. Akasema, basi kama Rowena amesema, itakuwa nilikunywa kidogo."

Nilimwambia haiwezekani. Mtu anajua kama amekunywa au hakunywa. Kwa nini akubali?

Mama alinigeukia kwa mara ya kwanza, akanitazama kama mtu anayeshangaa kwamba nimefika umri huu bila kujua.

"Mwanangu, lini baba yako aliwahi kukutoa mwongo? Ukila keki wewe, ukasema ni baba, anasema ni yeye. Ukivunja kikombe, ni yeye. Uliniletea maneno yake kila siku, naye anayabeba yote anacheka. Nilikuwa nikimgombeza kwa hilo."

Nilikumbuka vikombe. Nilikumbuka keki ya Krismasi, na baba akiinua mikono mbele ya mama kama mtu aliyekamatwa na polisi, akinikonyeza. Jioni ile alikuwa amerudi na kichwa kinachopasuka na mkono usiomsikia, akaambiwa nimesema neno, akaona ni kama yale mengine, akalibeba. Labda mwenyewe hakuelewa kilichompata. Labda alidhani asubuhi kitakuwa kimepita, na kweli kilipita, mpaka Mei.

Mama aliniuliza kama mkanda ninao. Nikasema uko garini. Akasema nisiulete ndani leo, labda Jumapili. Tukakaa pale, kila mtu kwenye kiti chake, watu wa kwenye runinga wakijibu maswali bila sauti. Kwamba nilimponza baba yangu kwa ulimi wa kitoto, hilo nilikuwa nimeshaanza kulizoea tangu siku ile ya chooni. Kwamba baba mwenyewe alinisaidia kumponza, hilo sijalizoea.